Jezi ya mgeni nayo ina wateja wake

Wiki ambayo Simba au Yanga ina mechi ya kimataifa nyumbani, wamachinga wa Kariakoo huingiza mzigo wa aina mbili. Jezi za mwenyeji hutundikwa mbele, nyekundu au za kijani na njano kutegemea zamu ni ya nani. Za mgeni hukunjwa pembeni, na mteja wake hatokei Cairo wala Pretoria. Anatokea Temeke, Manzese au Mbagala. Ni mtu wa Yanga anayetafuta jezi ya Al Ahly, au mtu wa Simba anayeulizia ya Mamelodi Sundowns, na hana haja ya kuangalia ubora wa kitambaa maana anajua ataivaa siku moja tu.

Machi 2024 mchezo huo ulimkera aliyekuwa Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo, Damas Ndumbaro. Ijumaa Simba ilikuwa inaikaribisha Al Ahly, Jumamosi Yanga inaikaribisha Mamelodi, zote robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, zote Uwanja wa Benjamin Mkapa. Waziri akasema Mtanzania atakayevaa jezi ya wageni aonyeshe pasipoti. Vijiwe vikapata mada ya wiki nzima. Wapo waliounga mkono, wapo waliouliza kama anayevaa jezi ya Arsenal naye ataombwa viza ya Uingereza.

Mimi nadhani waziri alikuwa na nia njema ila alikosea mlango. Hamasa ya mechi hizi haiwezi kutenganishwa na yule anayeomba dua mbaya. Simba ikicheza na Waarabu, Kariakoo yote inacheza: nusu inataka ushindi, nusu nyingine inataka msiba wa jirani, na hakuna aliye tayari kulala bila kujua matokeo. Nchi ngapi Afrika mechi ya klabu moja inakeshesha mashabiki wa klabu mbili?

Hamasa yenyewe si ya jana. Mwaka 1974 Simba ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, ikatolewa kwa penalti na Mehalla ya Misri. Mwaka 1979 ikapigwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa hapa Dar es Salaam, watu wakaizika. Waliosafiri kwenda Lusaka kwa marudiano walionekana kama wanaenda kukamilisha ratiba, kisha Simba ikashinda 5-0. Tanzania Bara haikuwa na televisheni wakati huo, kwa hiyo maajabu yale yaliingia nchini kwa redio, na mzee wa rika hilo ukimgusa atakusimulia magoli moja moja kana kwamba aliyaona kwa macho. Mwaka 1993 Simba ilitoka sare ugenini na Stella Abidjan katika fainali ya Kombe la CAF, ikarudi nyumbani na kufungwa 2-0. Yanga ikawa klabu ya kwanza ya Tanzania kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa, 1998. Miaka mitano baadaye Simba ikaivua Zamalek ubingwa kwa penalti kule kule Cairo, Juma Kaseja akiwa golini. Kombe lenyewe halijawahi kutua. Jirani zetu wa Gor Mahia walibeba la Washindi mwaka 1987 mbele ya Espérance ya Tunisia, sisi bado tunahesabu fainali.

Kilichobadilisha kila kitu ni msimu wa 2018/19. Simba ilikwenda ugenini mara tatu kwenye makundi na mara tatu ikarudi na aibu: 5-0 kwa AS Vita, 5-0 kwa Al Ahly, 2-0 kwa JS Saoura. Magoli 12 bila jibu hata moja. Watani walitamba mpaka sauti zikakauka. Lakini nyumbani Simba ilishinda zote tatu. Meddie Kagere aliifunga Al Ahly, na mechi ya mwisho dhidi ya Vita ilikuwa 1-1 hadi Clatous Chama alipofunga dakika za lala salama. Pointi tisa, robo fainali. Baadaye kauli ya “Kwa Mkapa hatoki mtu” ikageuka sera ya klabu. Inashangaza kidogo kwamba timu iliyofungwa 12 ugenini ndiyo iliyoufundisha mji huu kuamini, ila ndivyo ilivyokuwa.

Na hapa ndipo utani unapoingia kwenye hesabu, maana CAF hupanga nchi kwa pointi za misimu mitano. Klabu ikifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa inaipa nchi yake pointi tatu, nusu fainali nne, na msimu wa karibuni zaidi huzidishwa mara tano, uliotangulia mara nne, hivyo hivyo kushuka. Nchi 12 za juu hupeleka timu nne badala ya mbili. Pointi za Simba ziliiingiza Tanzania humo, na nafasi ya pili ya Ligi ya Mabingwa ikaenda kwa mshindi wa pili wa ligi. Mshindi wa pili wa 2018/19 alikuwa nani? Yanga. Wa 2020/21, nafasi nne ziliporudi? Yanga tena. Aliyekuwa akishangilia bao la tano la Al Ahly alikuwa, bila kujua, anaukata mguu wa timu yake mwenyewe.

Siku hizi wanajua. Kaa kwenye kijiwe cha kahawa msimu wa makundi utakuta kijana ameshika simu, anapiga hesabu ya pointi za nchi kama mhasibu, na mwenzake wa upande wa pili anamsahihisha. Hawapendani zaidi kuliko zamani. Wamegundua tu kwamba wanadaiana.

Zamu ya Yanga kulipa ilifika 2023. Ilitolewa Ligi ya Mabingwa na Al Hilal ya Sudan, ikaangukia Kombe la Shirikisho, ikaenda nalo hadi fainali, Fiston Mayele akifunga kila alipoonjeshwa mpira. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa ameanza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila goli la Simba au Yanga, “Goli la Mama”, na dau likapanda kadiri timu zilivyosonga. Mkondo wa kwanza wa fainali hapa Dar, USM Alger walishinda 2-1. Yanga ikashinda 1-0 kule Algiers na bado ikalikosa kombe, kwa kanuni ya goli la ugenini. Siku ile ya Mkapa msongamano kwenye mageti uliua mtu mmoja na kujeruhi makumi. Tunapozungumzia uzalendo wa jezi, mageti yale yalistahili mjadala mrefu kuliko pasipoti.

Turudi kwa Mamelodi. Mechi ya Dar iliisha 0-0, na wiki iliyofuata kule Pretoria shuti la Stephane Aziz Ki wa Yanga liligonga mwamba, likadunda chini kwenye mstari na kutoka. Mwamuzi akakataa. Kwenye kibanda umiza nilimokuwa, mtu wa kwanza kuruka alikuwa wa Simba, tena mmoja wa wale walioshinda wiki nzima wakiisifu Mamelodi. “Umeingia ule! Umeingia!” Wenzake wakamtazama. Akakaa, akajitetea kwamba yeye anaongelea sheria tu. Penalti zilipoipa Mamelodi ushindi, alishangilia kama kawaida yake.

Mei 2025 Simba nayo ilikosa Kombe la Shirikisho mbele ya RS Berkane, 2-0 Morocco na 1-1 Uwanja wa New Amaan, Zanzibar. Msimu uliofuata Tanzania ikaingiza timu nne makundi kwa mpigo: Simba na Yanga Ligi ya Mabingwa, Azam na Singida Black Stars kule Shirikisho. Ni hatua kubwa, na imepita kimyakimya mno. Azam ina uwanja wake Chamazi, ina televisheni inayobeba jina lake, ina wachezaji wazuri. Lakini sijamwona mmachinga wa Kariakoo aliyejisumbua kuingiza jezi ya mgeni wa Azam. Hakuna anayeiombea ifungwe. Ningekuwa msemaji wao, fungu la kwanza la matangazo ningelitumia kutafuta mtaa mmoja tu utakaoichukia.