Uzio wa mita mia, hesabu ya miaka ishirini

Uzio wangu wa kwanza ulikaa masika mawili. Ulikuwa wa miti mibichi ya mkaratusi, niliyoshushiwa kiwanjani Kibaha kwa bei iliyonifurahisha mno. Fundi aliipaka oili chafu kwenye vitako, akaniapia kwamba mchwa hawatasogea. Walisogea. Niling'oa nguzo ya kona kwa mkono mmoja, na kwa ndani ilikuwa laini kama mkate uliolowa chai.

Tangu hapo siulizi nguzo ni bei gani. Nauliza itakaa miaka mingapi.

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30. Mzunguko wake ni mita 100, na ukisimika nguzo kila mita mbili na nusu, unahitaji 40. Miti isiyotiwa dawa ikidumu miaka miwili kwenye udongo wa mchwa, ndani ya miaka 20 utasimika nguzo 400, na kila safari unamlipa mchimba mashimo upya. Nguzo iliyotiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo hufika miaka hiyo 20. Hata kama inauzwa mara nne ya ile mibichi, umelipa sawa na nguzo 160 badala ya 400, na miti 360 imebaki shambani. Oili chafu siiweki hata kwenye hesabu: mchwa wanaivumilia, udongo ndio unaochafuka, na kisima kikiwa karibu utayanywa mabaki yake.

Lakini dawa nayo ina yake. Ile inayoacha rangi ya kijani mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki. Marekani, watengenezaji waliacha kuiuza kwa matumizi mengi ya majumbani mwishoni mwa 2003, sababu ikiwa hiyo aseniki. Kwa nguzo za mpakani mimi naikubali, ila sioteshi mchicha miguuni pake wala siruhusu vipande vyake viingie jikoni, maana moshi na majivu yake ni sumu. Unaponunua, usidanganywe na rangi ya nje. Omba nguzo moja ikatwe mbele yako uone dawa imeingia kina gani. Na ukilazimika kuifupisha, upande uliokatwa uelekee juu, kamwe usiufukie.

Wengi wetu, tukipata fedha, tunakimbilia ukuta. Ukuta wa mita mbili kwenda juu unakula karibu tofali 2,000 za inchi sita. Mfuko wa kilo 50 ukitoa tofali 30, hiyo ni mifuko zaidi ya 65 kabla ya msingi, nguzo za zege na plasta. Kila tani ya saruji inapotengenezwa hutoa zaidi ya nusu tani ya hewa ukaa, na mchanga wote huo umechimbwa mtoni au bondeni kwa mtu. Zaidi ya hayo, ukuta usioachiwa matundu huyazuia maji ya mvua, yakamgeukia jirani au yakauangusha wenyewe. Nani asiyeujua ukuta ulioanguka masika?

Nguzo za plastiki iliyorejelezwa, ambazo Kenya wamezitengeneza kwa miaka mingi, hazioi wala mchwa hawazitaki. Ni ghali siku ya kununua, na zisipokuwa nene hupinda juani. Kama zinapatikana karibu nawe, zifikirie. Mikoko naachana nayo: fito, pau na boriti zimejenga pwani yote hii, lakini misitu ya mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi. Muuzaji asiye na kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu anakuuzia kesi.

Mimi sasa nina ua unaoota. Nilikata matawi ya gilirisidia yenye unene wa mkono, urefu wa mita mbili, nikayachomeka mvua zilipoanza, kila mita mbili na nusu. Mengi yalishika mizizi. Machache yaliyokufa niliyarudishia msimu wa vuli. Nguzo yenye mizizi hai haiozi, na huo ni mti wa jamii ya kunde, kwa hiyo unarutubisha udongo huku mbuzi wakila majani. Waya sikuupigilia moja kwa moja kwenye shina. Niliweka kipande cha tairi katikati, la sivyo mti ungeumeza. Chini ya waya nikapanda miche ya michongoma kila sentimita 30, kama miche 330 hivi. Minyaa ingeota haraka zaidi, na bila gharama, lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali, na nyumbani kuna watoto.

Ubaya wake ni subira. Miaka miwili ya kwanza mbuzi wa jirani walipita watakavyo, nami nilinunua ndoo nyingi za maji kiangazi. Sasa hata kuku hapiti. Nguzo nilizonunua ni mbili tu, za geti. Kila masika yakiisha namlipa kijana mmoja siku mbili za kupogoa, na matawi anayokata wanayaomba majirani wakachomeke kwao.