Je, Wajua? Kanisa la Rabai lilikuwa kimbilio la watumwa

Ukitoka Mbwajumali, kisiwani Pate, kulitafuta chimbuko la Uanglikana nchini Kenya, utapanda mashua hadi Mokowe, kisha ushike barabara ya kusini mpaka Rabai, nyuma ya Mombasa. Huko ndiko Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walikoanzisha kituo chao mwaka 1846. Wote wawili walikuwa Wajerumani Walutheri, ingawa walitumwa na shirika la Kianglikana la Uingereza!

Waumini walikuwa haba. Kwa miaka mingi wazee wa Rabai waliwapokea wageni hao kwa adabu, lakini wakaendelea na ibada zao katika kaya, misitu yao mitakatifu.

Mambo yalibadilika walipofika watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Aliyewapokea zaidi ni William Jones, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, akakombolewa na kusomeshwa India. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimpa ushemasi.

Kanisa la Mtakatifu Paulo lilijengwa katika miaka hiyo ya 1880, wakati wenye watumwa wakitishia kuvamia misheni. Hatimaye George Mackenzie, wa kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani, aliamua kuwalipa fidia wenye watumwa hao.

Tarehe 1 Januari 1889, watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na misheni jirani walipewa hati za uhuru. Kenya nzima ilisubiri hadi mwaka 1907 utumwa upigwe marufuku kisheria.