Je, Wajua Mate Ndiyo Mlinzi wa Meno?

Mtoto akiugua matubwitubwi, uvimbe hujitokeza mashavuni, mbele na chini ya masikio. Hapo ndipo zilipo tezi mbili kubwa kuliko zote za mate. Jozi ya pili imekaa chini ya taya, ya tatu chini ya ulimi, na vijitezi vingine mamia vimetapakaa midomoni na mashavuni. Kwa siku moja tezi hizo hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate. Mengi tunayameza bila hata kujua.

Kazi ya mate si kulainisha chakula tu. Ule ukoga unaogandamana na meno ni makazi ya bakteria, akiwemo Streptococcus mutans, ambaye J. Kilian Clarke alimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1924 nchini Uingereza. Bakteria hao hula sukari tunayokula, kisha hutoa asidi. Enameli, gamba la nje la jino, ni ngumu kuliko mfupa wowote, lakini kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5 hivi, madini yake ya kalsiamu na fosfeti huanza kuyeyuka. Hapo mate huingia kazini: hupooza asidi, huosha mabaki, na kurudisha kwenye jino madini yaleyale yaliyotoka. Enameli haina chembe hai hata moja. Haiwezi kujiponya yenyewe, hutegemea mate.

Kazi hiyo inahitaji muda. Katika miaka ya 1940, Mmarekani Robert Stephan aliwasukutuisha watu maji ya glukosi kisha akapima ukoga wao. Asidi ilipanda ndani ya dakika chache tu, lakini kurudi katika hali ya kawaida kulichukua nusu saa hadi saa nzima. Kwa hiyo soda moja inayonywewa pamoja na chakula cha mchana hulishambulia jino mara moja. Soda hiyohiyo ikinyonywa funda moja moja tangu adhuhuri hadi alasiri, mate hayapati nafasi ya kurekebisha kitu. Wazazi wengi huuliza mtoto amekula pipi ngapi. Mimi naona swali la maana zaidi ni amekula mara ngapi.

Ndiyo maana daktari wa meno makini haishii kuhesabu matundu. Hukuuliza unakula nini kati ya mlo na mlo, kama umeziba au kung'oa jino karibuni, na unatumia dawa gani. Swali hilo la mwisho huwashangaza wagonjwa, lakini dawa nyingi hukausha kinywa, zikiwemo baadhi za mzio, za sonona na za shinikizo la damu. Mionzi ya kutibu saratani ya kichwa na shingo huweza kuziharibu tezi zenyewe, na meno yaliyokuwa mazima yakaoza kwa kasi ya kutisha. Akiwa na shaka, daktari humpa mgonjwa kikombe, akamwacha atulie bila kutafuna, mate yatiririke kwa dakika tano. Yasipofika nusu mililita, kinywa hicho ni kikavu mno na kiko hatarini.

Huangalia pia madoa meupe kama chokaa karibu na ufizi. Hiyo ni dalili ya mwanzo kabisa, jino halijatoboka, na bado laweza kuokolewa bila kuchimbwa. Mama au baba anaweza kuyaona mwenyewe akiinua mdomo wa juu wa mtoto penye mwanga.

Floridi iliyo katika dawa ya meno huyasaidia mate kurudisha madini, na enameli iliyojengwa upya nayo huistahimili asidi zaidi. Kiasi ni muhimu: sehemu za Arusha na Kilimanjaro maji yana floridi nyingi kupita kiasi, na meno ya watoto hutoka na madoa ya kahawia. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu, dawa ya ukubwa wa punje ya mchele yatosha.

Usiku, tukilala, mate karibu hukatika kabisa. Basi mtoto asilale na chupa ya maziwa yenye sukari mdomoni. Nawe ukimaliza kupiga mswaki usiku, tema povu, usisukutue kwa maji mengi, na usile wala kunywa tena chochote ila maji mpaka asubuhi.