Usikubali diski ifutwe kabla ya kukagua mipangilio

MWENYE saiba mtaani Mwihoko, Kaunti ya Kiambu, anaweza kufungua kazi asubuhi baada ya umeme kupotea usiku na kukuta tarakilishi haifanyi kazi. Inawaka, inaonyesha nembo ya Windows, kisha skrini ya samawati inajitokeza na mtambo kuanza upya. Hali hiyo hujirudia kila inapowashwa.

Wengi huamini diski imekufa. Fundi huitwa, diski ikafutwa na Windows kuwekwa upya. Barua za wateja na hesabu za biashara hupotea, ilhali mara nyingi diski ni nzima.

Katika ubao mama wa tarakilishi mna programu ndogo iitwayo BIOS. Mojawapo ya mipangilio yake huamua njia ya kuwasiliana na diski ya SATA: IDE, ambayo ni ya zamani, AHCI au RAID. Windows inapowekwa mara ya kwanza, huandaa kiendeshi cha njia iliyopo. Njia ikibadilishwa baadaye, Windows hushindwa kuifikia diski. Ni sawa na mtu aliyebadilishiwa kufuli: mali imo ndani, ila ufunguo hauingii.

Wapo wanaobadilisha mpangilio huo kimakusudi wakitafuta kasi. Hata hivyo, katika tarakilishi kuukuu mipangilio hutunzwa na betri ndogo ya volti 3, aina ya CR2032. Betri hiyo ikiisha na umeme ukipotea, mipangilio hurejea ile ya kiwandani. Dalili yake ni tarehe kurudi nyuma miaka mingi.

Kwenye Windows XP, Vista na 7, skrini huonyesha nambari 0x0000007B. Kwenye Windows 10 na 11 huandikwa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE.

Tiba ya kwanza ni kuingia BIOS kwa kubonyeza F2, F10 au Delete mara tu mtambo unapowaka, kutegemea muundo wake. Tafuta sehemu ya SATA, rudisha mpangilio wa awali na uuhifadhi. Ikiwa betri imeisha, chomoa waya wa umeme kabla ya kuibadilisha.

Anayetaka kuhamia AHCI kwenye Windows 10 au 11 afungue kwanza msconfig na kuchagua Safe boot. Kisha abadilishe mpangilio katika BIOS, awashe tarakilishi mara moja katika hali hiyo, na hatimaye aondoe chaguo hilo. Ikiwa diski inalindwa na BitLocker, awe na ufunguo wa dharura mkononi kabla ya kuanza.

Hitilafu ikiendelea, huenda waya au diski yenyewe ina kasoro. Hata hapo, faili zinakiliwe kwanza kupitia tarakilishi nyingine. Kuifuta diski ni hatua ya mwisho.