Kwa nini programu ya Windows hugoma kwenye Linux

Kijana mmoja wa hapa Rwamishenye, mwanafunzi wa kompyuta, amenilalamikia kwamba kazi ya siku tatu imemletea sifuri. Nyumbani, kwenye Windows, programu yake ilikwenda vizuri. Akainakili kwenye flashi, akampelekea mwalimu anayetumia Linux. Ikagoma. Je, kazi ilikuwa mbovu? La hasha.

Anachoandika binadamu, tuseme kwa lugha ya C aliyoibuni Dennis Ritchie huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ni maandishi tu. Mashine haiyaelewi mpaka yapite kwenye kompaila, yaani programu inayoyageuza kuwa amri za mashine. Kijana alibeba kile kilichotoka kwenye kompaila. Maandishi yenyewe aliyaacha nyumbani.

Wengi hudhani ni kompyuta zinazotofautiana. Si lazima. Prosesa, ubongo wa mashine, inaweza kuwa ya aina ileile. Fikirini gari linalotoka Ngara na kuvuka Rusumo kuingia Rwanda: injini ni ileile, mafuta ni yaleyale, lakini huku tunapita kushoto na kule wanapita kulia. Programu nayo, ikitaka kuandika neno kwenye kioo au kufungua faili, sharti iombe ruhusa kwa mwenye nyumba, Windows au Linux, na kila mmoja ana namna yake ya kuombwa. Hata mpangilio wa ndani wa faili si mmoja.

Dawa ni kubeba maandishi na kuyapitisha kwenye kompaila kulekule yanakokwenda. Kompaila ya GCC, iliyotolewa na Richard Stallman mwaka 1987, ni ya bure. Kwenye Windows hupatikana kupitia MinGW. Kama faili ni salamu.c, pande zote mbili utaandika:

gcc salamu.c -o salamu

Kwenye Windows itazaliwa salamu.exe, katika dirisha jeusi la amri andika salamu, basi. Kwenye Linux andika ./salamu. Ile nukta na kistari cha mshazari si mapambo: Linux haitafuti programu ndani ya folda uliyomo mpaka uielekeze, isije ikaendesha kitu kilichopandikizwa humo na mjanja. Mimi naiona tahadhari ya haki, ingawa huwasumbua sana wanaoanza.

Lakini si kila maandishi yatakubali kuhama. Yaliyoandikwa kwa kutegemea vitu vya Windows pekee, ukiona windows.h pale juu, kompaila ya Linux itayakataa hadi yarekebishwe.