Homa Inayorudi na Jicho Linaloogopa Mwanga

Jicho likiwa jekundu bila tongotongo, likiuma na kukimbia mwanga, daktari wa macho hapa Goma aanze kwa kuuliza habari za homa. Ilimshika mgonjwa siku chache, ikamwachia kama wiki, kisha ikarudi? Kabla ya hapo alikuwa akilala wapi? Homa ya papasi huweza kushambulia jicho wakati mwili unaonekana umeshapona.

Papasi ni kupe laini. Hang'ang'anii ngozi kama kupe wa ng'ombe: mchana hujificha kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo, usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda mfupi na kurudi mafichoni. Wengi walioumwa naye hawana habari. Mwaka 1904, Uganda, madaktari Ross na Milne walimhusisha papasi na homa hii. Wenzao Dutton na Todd wakathibitisha huku kwetu Kongo, na wote wawili wakaugua. Dutton alifia Kasongo, Maniema, Februari 1905. Bakteria wanaoleta homa hii, Borrelia duttonii, ambao papasi huwaambukiza watu, wamepewa jina lake.

Bakteria hao hubadili ganda lao. Kinga ya mwili ikiangamiza kundi moja, lingine lenye sura mpya huzaana, na homa hurudi. Jichoni, lile duara lenye rangi linalozunguka mboni huvimba na kugandana na lenzi iliyo nyuma yake. Mboni hupoteza umviringo, presha ya jicho huweza kupanda. Neva ya kuonea ikiguswa, hatari ni kubwa zaidi.

Kipimo cha haraka cha malaria hakiwaoni bakteria hawa. Homa ikirudi, itakiwe hadubini: tone nene la damu, litolewe homa ikiwa juu, maana ikishuka bakteria huwa wachache mno. Na fundi wa maabara atafute pia nyuzi zilizojisokota, ndio bakteria hao, hata akiona vimelea vya malaria. Mtu mmoja huweza kuwa na magonjwa yote mawili.

Doksisaiklini huwaua bakteria hawa; wajawazito na watoto wadogo hupewa erithromisini. Dozi ya kwanza inahitaji uangalizi, kwani bakteria wakifa kwa wingi homa huweza kupanda ghafla na presha ya damu kushuka.

Jicho lina tiba yake: atropini ya kutanua mboni isigande, na matone ya steroidi. Haya ya mwisho ndiyo yanayonitia hofu. Mtu akiyanunua famasi bila jicho kuchunguzwa, kumbe ana kidonda cha virusi au kuvu kwenye konea, jicho linaweza kupotea. Hata anayeyastahili lazima apimwe presha ya jicho kila anaporudi.