Kituo cha saratani kimefunguliwa. Nani anasimamia dawa?

1/ Kila msimu wa siasa utasikia: "Tumewaletea kituo cha saratani, hamtahangaika tena kwenda Nairobi." Upande wa pili unajibu: "Hilo ni jengo tu, pesa ziliendea mifukoni." Makofi, matusi, hashtagi, basi. Kuna swali ambalo pande zote mbili haziulizi: ndani ya hospitali hiyo, nani amefunzwa kusimamia usalama wa dawa zenyewe? Uzi 👇🏾

2/ Tuanze na msingi. Dawa nyingi za kemo huua seli zinazogawanyika haraka. Hazibagui sana, ndiyo maana nywele za mgonjwa hunyonyoka. Mgonjwa anakubali madhara kwa sababu anatafuta kupona. Muuguzi anayezichanganya hana saratani. Yeye anabaki na madhara tu, kidogo kidogo, siku baada ya siku.

3/ Hii si porojo. Mwaka 1985, utafiti wa Finland ulionyesha uhusiano kati ya wauguzi kushika dawa hizi mapema katika ujauzito na mimba kuharibika. Mwaka 2004, NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, ilitoa tahadhari na orodha ya dawa hatari. Na orodha hiyo haina kemo pekee. Kuna baadhi ya dawa za virusi na za homoni pia.

4/ Zinaingiaje mwilini? Kupitia ngozi, kupitia hewa, kwa kudungwa sindano kwa bahati mbaya, au kwa kula na mikono iliyogusa dawa. Na si muuguzi peke yake. Kuna anayefungua katoni stoo, anayepiga deki, anayefua mashuka, anayemwaga mkojo wa mgonjwa. Tahadhari ya kawaida ni kuchukulia kuwa majimaji ya mgonjwa yana dawa kwa angalau saa 48. Lakini mara nyingi mfanyakazi wa usafi ni kibarua wa kandarasi. Semina ikija, jina lake haliko.

5/ "Lakini tulinunua vifaa!" Sawa. Kabati la kuchanganyia dawa, glavu jozi mbili, joho lisilopenyeza maji: vyote vinahitajika. Lakini kabati ambalo matundu yake ya hewa yamezibwa na makaratasi halimlindi mtu. Maski ya kawaida ya upasuaji haizuii mvuke wa dawa. Kifaa hakijui kama kinatumiwa vibaya. Lazima kuwe na mtu anayejua.

6/ Mtu huyo ana kazi maalum. Viwango vya Marekani vinavyoitwa USP 800 vinataka kila kituo kiteue mtu mmoja aliyefunzwa kubeba jukumu hili. Anatunza orodha ya dawa hatari zilizoko hospitalini. Anahakikisha kila mfanyakazi amepimwa kwa vitendo kabla ya kugusa dawa, kisha tena angalau kila miezi 12. Anafuatilia kila dawa inapomwagika. USP 800 si sheria ya Kenya, lakini wazo lake linaeleweka popote: kazi isiyo na mwenyewe haifanyiki.

7/ Na yetu inasemaje? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe maelezo, mafunzo na usimamizi. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, lazima kuwe na kamati ya usalama. Ukaguzi wa usalama ni angalau mara moja kila miezi 12. Mfanyakazi akiripoti hatari kubwa, hafai kulazimishwa kurudi hapo kabla irekebishwe. Hospitali ya kaunti ni mahali pa kazi, sawa na kiwanda.

8/ Nani awajibike? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010: vituo vya afya vya kaunti ni vya kaunti. Sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa ni za serikali kuu. Kwa hivyo gavana hawezi kukwambia mafunzo ya wafanyakazi wake ni shida ya Nairobi. Na waziri hawezi kusema miongozo ya nchi nzima ni shida ya kaunti.

9/ Hoja utakayoisikia: "Mafunzo ni njia ya kula marupurupu." Haijatoka hewani. Tumechoka na warsha za hoteli za Naivasha. Tofauti ni hii: mafunzo ya kweli yanafanyika pale pale kazini, mtu anachanganya dawa bandia akiangaliwa, anapimwa, na akifeli hagusi dawa mpaka arudie. Warsha inakupa cheti kwa kuhudhuria tu. Usikubali bajeti ya mafunzo ifutwe. Dai kuona aina ya mafunzo.

10/ Hoja ya pili ni nzito: "Mkidai haya yote kituo kitafungwa, na wagonjwa watarudi kwa matatu za Nairobi." Hakuna anayetaka hivyo. Lakini mengi hapa hayahitaji mabilioni. Changanyeni dawa chumba kimoja, si kila wodi. Mjamzito apewe kazi nyingine bila kukatwa mshahara. Muuguzi aliyefunzwa asihamishwe wodi ya watoto wiki ijayo bila wa kumrithi. Na ile nidhamu ya kuandika na kukagua humlinda hata mgonjwa asipewe kipimo kisicho chake.

11/ Makadirio ya bajeti ya kaunti yanafaa kufika bungeni kabla ya 30 Aprili. Ukienda kwa kikao cha maoni ya wananchi, uliza:
– Msimamizi wa dawa hatari ni wa cheo gani, na barua ya uteuzi iko?
– Ana mamlaka ya kusimamisha kazi kabati likiharibika?
– Wafanyakazi wa usafi wamefunzwa?
– Ukaguzi wa mwisho ulifanyika lini?
Wakikataa kujibu, Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinakupa haki ya kuandika na kudai majibu.

12/ Ukiona video ya kukata utepe, usihesabu vitanda tu. Muulize mheshimiwa: wageni wakishaondoka, dawa ikimwagika sakafuni saa nane usiku, nani anaitwa? Kama hakuna jibu, aliyeshika mopu ndiye atakayelipa.